Kampuni ya kupunguza madeni iliniambia nisipokee simu

Hii makala nimeiandika nikaifuta mara nyingi sana, mana kwetu kuongelea madeni yako mbele za watu ni kama kuvua nguo barabarani, lakini wiki iliyopita dada mmoja kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Columbus, Marekani, alinitumia picha ya barua akaniuliza, "Dada, hawa watu unawajua? Wanasema watanipunguzia deni nusu." Nikaiangalia ile picha mikono ikaanza kutetemeka. Labda kampuni ni nyingine lakini barua ni ileile, karatasi ya rangi ya waridi, namba ya kumbukumbu juu, tarehe ya mwisho ya kupiga simu, na neno UMEIDHINISHWA kwa herufi kubwa za Kiingereza. Nikampigia hapohapo, nikamwambia mdogo wangu usipige hiyo namba mpaka tuongee. Tukaongea saa mbili nzima. Haya naandika ni yale niliyomwambia, na mengine ambayo hata yeye sikumwambia kwa sababu aibu ilinishika.

Naishi Ohio huu mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kuhudumia wazee, shifti za usiku nyingi. Madeni yangu hayakutoka kwenye anasa. Baba alikuwa Dar, figo zote mbili zikaacha kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na yeyote mwenye ndugu wa hali hiyo anajua kwamba ile hela haina likizo, huwezi kusema wiki hii tupumzike. Tuko watoto wanne ila aliye nje ni mimi peke yangu, na ukishakuwa nje hesabu ya ukoo inaanzia kwako. Kwahiyo mshahara ukiingia unaenda nyumbani, alafu chakula, mafuta ya gari, viatu vya watoto, vyote naswaipu kadi ya mkopo. Nikajaza ya kwanza, nikafungua ya pili. Baba alipofariki nikakata tiketi ya ghafla, msiba, arobaini, nimerudi Columbus nikakaa chini nikajumlisha kadi nne: 7,900, 5,400, 4,700 na 3,600. Dola 21,600. Riba yake ilikuwa kwenye asilimia 27 hivi, kila mwezi nalipa kima cha chini kama dola 650 na katika hizo karibu 490 ni riba tupu, yani namwaga maji kwenye pakacha.

Sijawahi kuchelewa kulipa hata mara moja mpaka hapo. Naomba ulishike hilo. Nilikuwa nimechoka, nimeelemewa, ila sikuwa nimeshindwa.

Na baba watoto hakuwa anajua. Alijua kuna kadi, hakujua kiasi. Nilikuwa naziwahi barua kwenye sanduku la posta kabla hajarudi kazini.

Sasa ile barua ya waridi ilikuja nikadhani ni mkopo. Ndivyo ilivyoandikwa, ukiisoma haraka unaona wanakupa mkopo mmoja wenye riba ndogo ufute kadi zote. Nikapiga, kijana mmoja mwenye sauti ya upole akachukua taarifa zangu zote, akaniweka kwenye simu kidogo, akarudi akasema samahani mama, mkopo haujapita, ila una bahati kwa sababu unastahili kuingia kwenye programu yetu. Programu yenyewe ni dola 347 kwa mwezi kwa miezi 48 basi, nimemaliza. Wewe fikiria mtu anayelipa 650 akaambiwa 347, na kwamba kuna siku ya mwisho, mi nililia kwenye simu, kijana akanisubiri nimalize kulia.

Alafu akasema kuanzia leo usilipe kadi yoyote. Nikamuuliza mara mbili. Usilipe. Na benki wakipiga simu usipokee, tuachie sisi.

Mimi nimelelewa na mama anayesema dawa ya deni kulipa. Anakuambia hivyo hata kama unadaiwa nyanya za mia tano gengeni. Na hapa mtu wa kampuni inayojiita ya kusaidia wadaiwa ananiambia dawa ya deni ni kutolipa na kunyamaza. Moyo ulikataa, lakini mwili ulikuwa umechoka, nikasaini kwa kidole kwenye simu, kurasa thelathini na kitu, niko kwenye paking ya kazini dakika ishirini kabla ya shifti.

Sasa niwaeleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kuielewa nikiwa ndani tayari. Nyumbani tunazijua kausha damu, ukishindwa wanakuja kubeba friji na makochi. Hizi kampuni sio hizo, hazikukopeshi hata senti. Zinakufungulia akaunti maalumu kwenye benki fulani, kila mwezi unaweka hela yako mwenyewe humo, na wakati huo kadi zako zote zinaachwa zioze. Kuoza ndio mpango wenyewe! Benki inayolipwa vizuri kila mwezi haina sababu ya kukupunguzia, kwahiyo wanasubiri uwe mdaiwa mbaya, benki ikate tamaa, ndipo wapige simu waseme mteja wetu ana kiasi hiki, mnachukua au mnaacha. Wakikubaliwa wao wanachukua ada, kwa kawaida asilimia 15 mpaka 25, na hiyo asilimia mara nyingi inapigwa kwenye deni ulilokuwa nalo siku unaingia, wala sio kwenye kile walichokuokolea. Yangu ilikuwa 25.

Kijana alikuwa ameshanipigia hesabu yake. Nusu ya 21,600 ni 10,800, ongeza ada 5,400, ongeza dola 10 kila mwezi za kutunza akaunti, gawa kwa 48. Ndio ile 347. Kwenye karatasi inapendeza sana. Kisichoonekana kwenye hiyo hesabu ni kwamba zile kadi nne hazitakaa zimetulia miezi 48 zikingoja zamu.

Mwezi wa kwanza simu zikaanza. Mwezi wa pili zilikuwa zinaita mpaka mara tisa kwa siku, nipo namwosha mzee wa watu simu inatetemeka mfukoni. Kuna kanuni ya tangu mwisho wa 2021 inayowabana wakusanya madeni wasipige zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja, ila inawahusu wakusanyaji, benki yenyewe iliyokukopesha haimo. Mimi nilifanya nilichoambiwa, sikupokea. Nikazima sauti, nikawa naficha simu chini ya mto baba watoto asione namba. Faini za kuchelewa zikaingia, riba ikaendelea kupanda, na alama zangu za krediti, ile namba wakopeshaji wanayoangalia kuona unavyolipa madeni, ambazo zilikuwa 712 zikashuka mpaka 538. Gari likafa injini wakati huohuo, kila nilipoenda kuomba mkopo wa gari walinitajia riba ambayo nikiitamka hapa hamtaamini, ikabidi nikanunue gari la mkononi kwa hela ya kuchangiwa na wifi.

Siku ya 180 bila malipo benki inaliandika deni la kadi kuwa hasara kwenye vitabu vyake. Watu wengi husikia hivyo wakadhani wamesamehewa. Hapana. Deni liko palepale, wanaweza kuliuza kwa kampuni nyingine au kwenda mahakamani wao wenyewe, na hiyo doa inakaa kwenye ripoti yako ya krediti miaka 7.

Mwezi wa kumi tangu nisaini, posta akagonga mlango. Bahasha ya rejista, anataka sahihi. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, nimevaa khanga, nikasaini nikiwa nimesimama mlangoni nikaifungua palepale. Karatasi ya juu imeandikwa samansi. Mahakama ya manispaa ya Franklin County, jina la benki upande mmoja, jina langu upande wa pili, jina langu lote mpaka la baba, na yale maneno kwamba nina siku 28 za kujibu. Lile deni la 7,900 lilikuwa limeshafika 9,260. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni jina la baba yangu pale. Hela ilikwenda kwenye matibabu yake, na jina lake likarudi kwenye karatasi ya mahakama.

Nikapiga picha kila ukurasa nikawatumia kampuni. Wakajibu kwa ujumbe, asante, tumepokea, timu yetu itawasiliana na mdai. Nikalala. Nilidhani "kuwasiliana na mdai" maana yake kuna mtu anaenda mahakamani kwa niaba yangu. Kumbe sio mawakili, hawawezi kunijibia kesi hata wakitaka, na kwenye zile kurasa thelathini ilikuwa imeandikwa kwamba naweza kushtakiwa na kwamba wao hawatoi msaada wa sheria. Ilikuwa imeandikwa. Sheria inawataka waandike, na waliandika. Siku 28 zikapita mimi niko kimya, kampuni kimya, na mahakama mtu akikaa kimya inatoa hukumu ya upande mmoja, haiangalii kama una haki au huna.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kujibu samansi hapa ni karatasi tu, unaandika unakubali nini na unakataa nini, unaipeleka kwa karani wa mahakama na nakala unawatumia waliokushtaki. Hata kama deni ni lako kweli, ukijibu unapata nafasi ya kukaa mezani na wakili wao mkapanga malipo kabla ya hukumu. Pale South High Street mahakama ina kituo cha watu kujisaidia wenyewe, unaelekezwa fomu bure. Mimi nilifika pale baada ya hukumu. Mama mmoja akanisikiliza vizuri sana, akaniambia kuna njia ya kuomba hukumu ifutwe lakini lazima uwe na utetezi wa maana, je hili deni sio lako? Nikasema ni langu. Akanyamaza kidogo, akasema basi tuangalie namna ya kulilipa.

Alhamisi ya mshahara, niko chumba cha mapumziko, nafungua slipu kwenye simu. Kila wiki mbili baada ya kodi nilikuwa napata 1,484.80. Siku hiyo kuna mstari mpya, makato ya mahakama, 371.20. Ni robo kamili. Sheria ya serikali kuu inaruhusu mpaka asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, na kwa watu wa kipato changu huwa inafika hukohuko. Kuna majimbo kama Texas au Pennsylvania hawaruhusu mshahara ukatwe kwa deni la kadi, Ohio wanaruhusu. Na ofisi ya mishahara ya kazini wanajua, mana amri inapita kwao. Nilikaa pale na kikombe cha chai mpaka ikapoa kabisa, mwenzangu Mkongo akaniuliza "dada, kuna msiba?" nikasema hapana.

Usiku ule nilimwambia baba watoto. Sitaandika yote. Alichosema ambacho mpaka leo kinaniuma ni kwamba hasira yake sio deni, deni angesaidia kulilipa, hasira yake ni miezi kumi na nne nimelala pembeni yake na simu chini ya mto.

Sasa ile kadi moja waliyofanikiwa kuimaliza. Mwezi huohuo wa kumi na nne, wakati mshahara unakatwa, kampuni wakanipigia kwa furaha kabisa, tumemalizana na kadi yako ya 5,400! Nikauliza kwa nini sio ile iliyonishtaki, kwa nini hela zangu zote zilikuwa zimekaa kwenye akaunti wakati benki nyingine inakwenda mahakamani. Jibu likawa la kuzungukazunguka, ila nilichoelewa ni kwamba wao wanaanza na benki inayowakubalia, na kuna benki hazitaki kabisa kuongea na hizi kampuni. Hakuna aliyeniambia hivyo siku ya kusaini.

Chukueni kalamu tupige hesabu ya hiyo kadi, mana hapa ndipo watu wanapofumbwa macho. Niliingia nayo 5,400. Kwa faini na riba ikafika 6,200. Wakapatana nusu, 3,100. Ada yao asilimia 25 ya 5,400 ni 1,350. Jumla nimetoa 4,450, ukilinganisha na deni la mwanzo nimeokoa 950. Toa dola 10 za akaunti kwa miezi 14, ni 140, imebaki 810. Alafu Januari ikaja fomu ya kodi inaitwa 1099-C. Benki ikikusamehe kuanzia dola 600 inawaandikia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na IRS wanahesabu kile ulichosamehewa ni kipato, kana kwamba ulilipwa mshahara. Kwahiyo ile 3,100 ikaingia kwenye ritani yangu ya kodi, kwa asilimia 12 ni dola 372. Imebaki 438. Dola mia nne thelathini na nane, kwa miezi 14 ya simu chini ya mto, alama za krediti zilizobomoka, na kesi.

Hapo kwenye 1099-C naomba nisimame kidogo. Kama siku deni linasamehewa ulikuwa unadaiwa kuliko thamani ya mali zako zote, gari, akiba, hata hela ya kustaafu inahesabiwa, kuna fomu ya 982 inayokuruhusu kutolipa hiyo kodi kwa kiasi ulichozidiwa. Mimi nilistahili na sikujua, nikaja kurekebisha ritani baadaye. Na ninyi mnaosubiri uraia sikilizeni, fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, haikuulizi kuhusu kadi za mkopo, inakuuliza kama una kodi hujalipa. Mtu anapata ile fomu kwenye posta, haielewi, anaitupa, deni la kadi ambalo lisingemgusa kwenye uraia linageuka deni la kodi ambalo linamgusa.

Kuna watu watasema hao wako walikuwa matapeli. Hapana jamani, na hili ndilo linanifanya niandike. Kwa ninavyojua mimi kampuni yangu ilifuata sheria. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, mwaka 2010 wachunguzi wa GAO, ofisi ya bunge la Marekani, walijifanya wadaiwa wakapigia kampuni 20 na 17 kati yake zilikuwa zinachukua ada kabla hazijamaliza deni hata moja. Tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara, wakaanza kukataza, kampuni inayokuuzia kwa simu hairuhusiwi kuchukua ada mpaka iwe imepatanisha deni angalau moja, wewe umekubali, na umeanza kulilipa. Hela kwenye ile akaunti ni yako, ukitaka kutoka unatoka bila faini na wanakurudishia ndani ya siku 7 za kazi. Hiyo ndiyo sheria iliyoniokoa kidogo nilichookoa. Nilipojitoa nilikuwa nimeweka 4,858, wakanirudishia 268.

Wanaokwepa hiyo sheria wapo pia, na njia kubwa wanayotumia ni mawakili wa jina, kwa sababu ukikutana na mtu uso kwa uso lile katazo la kwenye simu linapata upenyo. Mzee mmoja wa kanisani kwetu aliletewa nyumbani mthibitishaji, yaani mtu wa kushuhudia sahihi tu, akamfunulia tableti mezani, akasaini, mtu akaondoka, akaambiwa hiyo ndiyo ilikuwa mkutano wake na wakili. Alianza kukatwa ada mwezi wa kwanza. Januari 2024 shirika la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, pamoja na wanasheria wakuu wa majimbo saba waliwashtaki Strategic Financial Solutions wakidai mchezo wa aina hiyohiyo, na ada zisizo halali zinazozidi dola milioni 100. Na hata majina makubwa kabisa hayajapona, Freedom Debt Relief walishtakiwa na CFPB Novemba 2017, mojawapo ya madai ni kwamba wateja waliachwa wajipatanishe wenyewe na benki alafu bado wakatozwa ada, na Julai 2019 wakamaliza kesi kwa kukubali kurudisha dola milioni 20 kwa wateja na faini milioni 5.

Nilipotoka nilienda kwa washauri wa madeni wasiofanya biashara, wale walio chini ya NFCC, muungano uliopo tangu 1951. Mshauri aliongea na mimi kwenye simu zaidi ya saa moja bila kunidai kitu, akataka kuona mshahara, kodi ya nyumba, kila ninachotuma nyumbani. Hakunikaripia kwa kutuma. Akanieleza mambo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa sehemu nyingine: kwamba wao wangechukua kadi zote nne wakati bado nalipa vizuri, wakaomba benki zishushe riba, nikalipa deni lote kidogokidogo kwa miaka mitatu mpaka mitano na ada ndogo ya mwezi, hakuna kuoza, hakuna kesi. Na kwamba kwa mtu aliyezama kabisa kuna kufilisika mahakamani, Sura ya 7, ada ya kufungua ni dola 338 ukiacha wakili, inakaa kwenye ripoti miaka 10 lakini inasimamisha kesi na makato siku unapofungua. Sisi hilo neno tunaliogopa kama ukoma. Nilimuuliza kwa kunong'ona, kana kwamba majirani wanasikia.

Sikufungua. Zile kadi mbili zilizobaki niliamua kuzipigia mwenyewe. Baba watoto alikaa pembeni yangu, simu iko spika, watoto tumewapeleka kwa wifi. Ya kwanza tulisubiri dakika arobaini na muziki wao ule. Mwanamke akapokea, nikamwambia jina langu, nikamwambia nadaiwa na nataka kulipa, nimekuwa sipokei simu zenu kwa sababu niliambiwa nisipokee. Akafungua faili langu, akasoma kimya, alafu akaniuliza, "Kabla hujaacha kulipa, ulishawahi kutupigia?" Nikasema hapana. Akasema walikuwa na mpango wa wateja wenye matatizo, riba inashushwa kwa mwaka mzima, ilikuwa ni kupiga tu na kueleza msiba, ugonjwa, kupungukiwa shifti, chochote. Sasa deni limeshaandikwa hasara, mpango ule haupo tena, ila anaweza kunipangia malipo bila riba kuongezeka. Tukapanga 120 kwa mwezi. Nikamwomba aniletee kwa maandishi kabla sijatuma senti, akaniletea.

Mume wangu aliniangalia. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kusema. Simu moja. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa naikimbia ile simu moja, na nilikuwa namlipa mtu ili anisaidie kuikimbia.

Yule dada wa barua nilimuuliza maswali tu. Umeshachelewa kulipa? Hajachelewa. Umepigia benki zako? Hajapiga. Mumeo anajua? Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nikamwambia nitakuja Jumamosi, tutapiga pamoja, nitakaa pembeni yako. Na kama kuna mtu anasoma hii yuko ndani ya programu sasa hivi, usitoke kwa hasira bila mpango, ila leo hii ingia kwenye ile akaunti uone kuna kiasi gani na ni deni lipi limeguswa, na bahasha ya mahakama ikija usiitume kwao ukalala, hesabu siku zako na ujibu mwenyewe au umtafute wakili wa msaada wa sheria.

Jumamosi nilienda. Alikuwa amepika pilau, kadi zake tatu ameziweka mezani zimepangwa, na mume wake alikuwa amekaa palepale. Alikuwa ameshamwambia usiku wa jana yake. Tukaweka simu katikati ya meza, akabonyeza namba iliyoko nyuma ya kadi ya kwanza, muziki ukaanza, tukasubiri wote watatu.